Chesisi ya Mama Mkwe

Mtu akikuambia gari lake la zamani halina tatizo, muulize huwa anampakia nani. Kama anapakia magunia, mwache aendelee kujidanganya, gunia halisemi. Mimi nilikuwa nampakia mama mkwe wangu, tena nyuma kwenye bodi, na kila korongo tulilovuka kati ya Mamba na Mpanda lilikuwa linaniuma mimi kabla halijamuuma yeye.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini mama mkwe akae nyuma na mkwewe akae mbele kwenye siti? Wengi wameshaniuliza, na wengine wameniuliza kwa matusi. Siku moja pale stendi dada mmoja muuza mihogo alinifokea mbele za watu, "We baba, huna haya? Mama mtu mzima unamtupa nyuma!" Nikataka kumjibu vibaya, maana hasira zangu haziko mbali. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemnyamazisha, kutoka huko huko juu. "Mwache, mwanangu. Nimekaa kwa heshima yangu."

Pikapu yangu ina kebini fupi yenye siti moja ndefu. Na kwetu sisi wafugaji tuliokuja huku na ng'ombe kutoka kaskazini, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Ukikutana naye njiani unajitoa pembeni kwenye majani mpaka apite. Vijana wengi wameshaacha, wengine wanapiga na selfi na wakwe zao wakicheka. Sina ugomvi nao. Ila mama mkwe wangu ni mtu wa zamani na mimi nimelelewa hivyo hivyo, kwa hiyo tukisafiri yeye na mke wangu walikaa nyuma kwenye godoro, yeye ameegemeza mgongo kwenye kebini ili tusionane hata kwa bahati mbaya kupitia kioo.

Tulikuwa tunaongea kwa kugonga. Akigonga bati la paa mara moja, nasimama. Mara mbili, naondoka. Akigonga mfululizo, maana yake naendesha kama mwehu. Maneno mengine yote yalipitia kwa mke wangu. "Mwambie mwenzako mpunga umekauka." "Mwambie mama nitakuja Jumamosi." Hata tukiwa tumesimama kwenye uwanja mmoja, yeye huku mimi kule, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, maneno lazima yazunguke kwa binti yake kwanza.

Sasa msikie kuhusu hiyo pikapu. Zamani nilikuwa nakodi magari ya watu kubeba mpunga kutoka Mpimbwe, na jasho langu likawa linaishia kwa wenye magari. Mama mkwe, mjane, alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Aliposikia natafuta gari la kwangu na sifikii, akamtoa mmoja, yule mkubwa mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Akamwambia binti yake, "Mwambie mwenzako auze huyu, aongezee. Mimi nitashika jembe la mkono." Na kweli akalishika, misimu mingi tu, huku majirani zake wanalima kwa plau.

Nilishukuru, si kwamba sikushukuru. Nilimtuma mke wangu akaseme asante, akaenda akasema, akarudi na jibu kwamba imepokelewa. Lakini asante ya kutumwa ni kama chai iliyopoa. Ni chai, ndiyo, ila mwenye kuinywa anajua. Nyumbani kwangu Mwamkulu hakuna anayeita ile pikapu gari. Tangu siku ya kwanza watoto wanaiita Maksai, na mimi kila nikiwasha injini nilikuwa nakumbuka kuna mama anainama shambani kwa sababu yangu.

Halafu macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kwanza akawa anamwaga chumvi pembeni ya sufuria, baadaye akamsalimia mbuzi akidhani ni jirani. Alicheka mwenyewe, lakini mke wangu alilia njia nzima siku aliponisimulia. Nikawapakia mpaka hospitali Mpanda. Wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wataanza na la kulia Alhamisi ya wiki inayofuata, na lile la kushoto litasubiri. Nesi akamweleza mke wangu masharti ya baada ya upasuaji: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asipate vumbi, na kwenye gari asitikiswetikiswe.

"Asitikiswe?" nikamuuliza mke wangu. "Kwenye Maksai yule yule ninayemjua mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Si akae kwetu mpaka apone?"

Neno lilinitoka bure. Mama mkwe alale kwenye nyumba ya mkwewe? Hilo hata mimi nilijua jibu lake kabla sijalimaliza. Angelala wodini, na akiruhusiwa angetaka kwake Mamba siku hiyo hiyo. Basi lipo, lakini watu wanasimama mpaka mlangoni, na kiwiko kimoja cha mtu kwenye jicho bichi kingetosha kuharibu kila kitu. Ilikuwa ni mimi na Maksai. Tukimtikisa vibaya, yule mama atapoteza jicho ambalo ndiyo kwanza amerudishiwa, na atakuwa amelipotezea ndani ya gari alilolitolea ng'ombe wake. Sasa hiyo si ndiyo shukrani ya punda?

Ugonjwa wa Maksai ulikuwa chesisi. Hivyo ni vile vyuma viwili virefu vinavyolala chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma, kila kitu kimekaa juu yake: injini, kebini, bodi. Ya kwangu ilikuwa imechoka. Gurudumu moja likipanda tuta, upande ule unapanda na upande wa pili unabaki chini, gari zima linajipinda kama nguo inayokamuliwa. Pengo kati ya kebini na bodi linafunguka na kufumba. Mlango wa kushoto unafunguka wenyewe bila kuombwa. Bodi linaruka, godoro linaruka, na mama mkwe anagonga paa mfululizo. Nilishabadilisha springi, nikabadilisha shokapu, nikaweka bushi mpya. Wapi!

Nikampeleka Maksai kwa fundi mmoja Ilembo, Mfipa mwenye mdomo kuliko grenda yake. Akalala chini ya gari, akapigapiga kwa nyundo, akatoka na vumbi la kutu kwenye nyusi.

"Bosi, springi umezilaumu bure. Hii siyo chesisi, hii ni kamba."

Akanionyesha ufa karibu na springi ya nyuma. Mwenye gari wa kwanza aliuchomelea juu juu akaupaka rangi nyeusi, na mimi miaka yote nilikuwa naiona ile rangi naisifia. Nikamweleza shida yangu yote, jicho na ukwe. Fundi akakaa kitako, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Watu wanaimarisha chesisi wabebe mbao, wabebe mawe. Wewe unaimarisha ubebe ukwe! Nyie watu wa ng'ombe mna kazi. Si umweke mbele tu yaishe?"

"Wewe mama mkwe wako mnakula naye sahani moja?"

Akaokota nyundo yake. "Hapo umenishika," akasema. "Haya, tumtengenezee mama chesisi."

Alichomoa betri, akatoa tangi la mafuta akaliweka mbali, akafungua boliti za bodi tukalishusha na vijana wa jirani. Akaiondoa kutu kwa grenda mpaka chuma kikang'aa. Chesisi ya pikapu ile ilikuwa na ubavu mmoja wazi, kama mfereji uliolazwa. Akauziba ule ubavu kwa bati nene sehemu ya katikati ili chuma kiwe boksi, akaongeza chuma cha kukingama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwenye pembe akaweka vipande vya pembe tatu. Mwisho wa kila bati alikata mshazari. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua.

"Ukikata wima nguvu zote zinakutana sehemu moja, kesho kutwa ufa uko pale pale. Na usitake niikaze yote kama jiwe. Ikikosa kupumua itapasuka. Mama atatulia, usiwe na wasiwasi. Mpanda nzima hii, kwa chesisi, ni mimi."

Nikamsifia sana. Lo! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliondoka pale jioni kifua mbele, na kabla sijafika Mwamkulu nikajua kuna kitu. Mlango wa kushoto uliokuwa unafunguka ovyo sasa ulikuwa haufungi kabisa. Usukani unavuta. Jirani yangu aliyekuwa nyuma na baiskeli akaniambia gari linakimbia kiuno upande, kama mbwa.

Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa fundi. Sitayarudia hapa niliyoyasema. Uwanja wa gereji yake unaelekea mtaroni, kumbe alipandisha gari kwenye jeki kwa kukadiria na macho tu, upande mmoja ukiwa chini. Chesisi iliyozoea kujipinda ilikuwa imejipinda pale ilipokaa, naye akaikaza hivyo hivyo. Tulikuwa na gari imara kuliko magari yote Ilembo, na limepinda.

"Bosi, nimekosea," akasema. "Uwanja umenidanganya."

"Uwanja una mdomo?"

"Hauna. Mdomo ninao mimi, na leo nimeufunga."

Nitamshukuru kwa neno hilo mpaka nizeeke, maana mafundi wengi ninaowafahamu wangesema gari lilikuja hivyo. Alikata kazi yake yote kwa grenda, cheche zinaruka, wala hakunung'unika. Akaenda kwa mjenzi wa jirani kuazima mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani ambao wajenzi wanapimia msingi. Tukaweka matofali na mbao chini ya gari, yeye kashika ncha moja huku na mimi nyingine kule, tunaangalia maji yamesimama wapi.

"Pandisha! Shusha kidogo! Tulia bosi, maji hayaogopi makelele yako."

Nikatulia. Pembe zote nne zilipokubaliana na maji ndipo akawasha moto. Safari hii anachomelea kidogo upande huu, anahamia ule, anasubiri chuma kipoe, anapima tena. Jua linazama ndiyo anamalizia kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Tukarudisha bodi, nikaweka ndani yake ndoo imejaa maji, nikapandisha gurudumu moja la nyuma kwenye tuta kando ya mtaro. Pengo la kebini na bodi halikucheza. Nikashuka nikafungua mlango wa kushoto na kuufunga, gurudumu likiwa juu vile vile. Ukafunga kwa kidole. Kwenye ndoo yalikuwa yamemwagika maji ya kujaza kiganja tu.

Nilimshika fundi mkono kwa mikono miwili nikamwambia asante kaka, asante sana, akasema ondoka usije ukalia hapa. Njiani nikawaza: huyu nimemjua wiki hii na asante yake nimempa usoni. Yule wa maksai je?

Jumatano nikamfuata mama mkwe Mamba. Walipanda nyuma yeye na mke wangu, akagonga mara mbili, nikaondoka. Baada ya hapo kimya. Korongo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Tukaingia ndani ya hifadhi ya wanyama, kwenye mbung'o, mahali ambapo huwa nakimbiza gari ili wasiwamalize kule nyuma, na ambapo paa hugongwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Kimya. Nikadhani mama kazimia. Nikasimama Sitalike, nikachungulia. Mke wangu kaweka kidole mdomoni. Mama alikuwa amelala fofofo, tawi la kufukuzia mbung'o bado liko mkononi.

Upasuaji ukaenda salama. Ijumaa asubuhi walipomfungua bandeji, mimi nilikuwa nje kwenye kona ya veranda, mahali pa mkwe. Nilisikia sauti yake tu ikitoka dirishani.

"We mtoto! Umenenepa hivi na hukuniambia?"

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa kandambili.

Kwa sababu ya vumbi la njiani, nesi alilifunika tena lile jicho kwa pamba na plasta mpaka wafike nyumbani. Mimi nikaandaa nyuma: godoro, mito, turubai nimelifunga pande tatu. Mke wangu akaja anamwongoza mama kwa mkono. Nikajitoa pembeni. Mama akafika kwenye gari akasimama, hakwenda nyuma.

"Huko nyuma kuna vumbi?" akamuuliza binti yake.

"Halikosi, mama. Hata na turubai."

"Na nesi kasemaje?"

"Usipate vumbi."

Akafikiri, mkono wake umegusa mlango wa kebini. "Jicho hili limefungwa. Na hili lingine halioni kitu. Mtu asiye na macho atamwonea wapi mkwe wake? Nipeleke mbele."

Jamani! Chuma chote kile, moto wote ule, makelele yangu yote kwa sababu ya huko nyuma! Mke wangu akakaa katikati yetu kama ukuta, mama akakaa dirishani. Mimi nilijibana kwenye mlango wangu mpaka usukani ukawa unanikuta pembeni. Tukaondoka hivyo, hakuna anayepumua kwa nguvu.

Tulivuka daraja la Sitalike, viboko wanakoroma kwenye tope chini. Tukaingia hifadhini, vioo tumepandisha, joto kali. Mama akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha pale muda mrefu.

"Huyu maksai wangu katulia sana," akamwambia binti yake. "Kafanywaje?"

Mke wangu akafungua mdomo ajibu. Sijui nini kilinipata. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, na lilikuwa limekaa kifuani tangu siku nilipomwongoza yule ng'ombe mwekundu kwa kamba kwenda mnadani.

"Mama," nikasema. "Asante kwa maksai."

Mke wangu akanipiga kiwiko cha mbavu, akabaki anaangalia mbele. Nikaona nimeharibu. Heshima ya miaka yote nimeivunja kwa maneno manne, tena katikati ya pori ambako hakuna hata pa kushukia. Mama mkwe akageuzia uso dirishani, mbung'o wanagonga kioo.

"Nani huyo kaongea?" akauliza. "Mimi sioni mtu."

Kisha akamgeukia binti yake.

"Kama yupo, mwambie huyo ng'ombe alikuwa mkaidi. Kwangu alinivunjia nira. Kwake kawa mpole kwa sababu analishwa vizuri. Mwambie na mimi nashukuru."

Nilipunguza mwendo. Njia ilikuwa kavu na nyeupe mbele yangu, na mimi nilikuwa siioni.

Jicho likapona. Wiki iliyofuata nilimfuata tena ili daktari amwangalie, na safari hiyo alitoka ndani mwenyewe, bila kushikwa mkono, anakanyaga kwa uhakika. Aliponiona nimesimama mbali chini ya ukingo wa paa, akavuta kanga akafunika upande wa uso, mimi nikaangalia chini. Kila kitu kilirudi mahali pake, na nilifurahi kwamba kimerudi. Akapita kebini bila kuitazama. Ubavuni mwa bodi akasimama, akaingiza mkono chini yake, akapapasa lile bati nene alilosimuliwa na binti yake, taratibu kutoka mwanzo wake mpaka kwenye ile ncha iliyokatwa mshazari. Kisha akapanda, mke wangu akamfuata.

Nikaingia, nikawasha, nikasubiri kugongwa. Sikusikia kugonga. Nilisikia kiganja kimewekwa juu ya paa, pale pale juu ya kichwa changu, kikawa kinapigapiga polepole, vile mtu anavyompigapiga maksai shingoni akishamfungua nira jioni. Nilizima injini nisije nikapoteza hata pigo moja. Alipomaliza, akagonga mara mbili, nikawasha tena tukaondoka.